Kikombe cha Leo Kiwe Kama cha Jana

Migahawa midogo ya kahawa imechipuka sana miaka ya karibuni katika mitaa ya Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Mwanza. Sizungumzii ya hotelini wala ya kwenye majengo makubwa ya biashara. Nazungumzia ile ya fremu moja, meza nne au tano, mashine juu ya kaunta na ubao wa bei ukutani. Mingi hufunguliwa kwa shamrashamra, na baada ya muda unapita unakuta fremu ile ile inauza vifaa vya simu. Ukiwauliza wenyewe, wengi watakujibu kwamba Watanzania si watu wa kahawa.

Sikubaliani nao. Pita Kariakoo au Magomeni jua likizama, uone watu wazima walivyomzunguka muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa. Nenda Zanzibar, pale Mji Mkongwe, kwenye ile njia panda inayoitwa Jaws Corner, ukute mabaraza yamejaa, bao linachezwa, siasa inachambuliwa na vikombe vidogo vinapita mkono kwa mkono. Watu wa huku kahawa wanaijua tangu zamani. Kinachowashinda ni kuinywa mahali wanapojiona wageni.

Kwa hiyo makala haya nawaandikia ninyi mnaoendesha mgahawa wa namna hiyo mtaani, au mnaotafuta fremu muufungue. Wateja nao nina neno nao huko mbele.

Mtazameni kwanza yule muuza kahawa wa kijiweni, maana ndiye mshindani wenu na ndiye mwalimu wenu. Kahawa yake chungu ya leo haitofautiani na ya juzi: tangawizi ni ile ile, moto ni ule ule, kashata iko pembeni. Anafika saa ile ile. Anamjua nani anakunywa vikombe viwili mfululizo na nani kakatazwa na daktari. Akimaliza kumhudumia mtu hamtazami kwa jicho la kuuliza utaondoka lini. Kwa kikombe cha bei ndogo kabisa mtu anapata baraza ya saa nzima na habari za mji. Hana mashine ya mamilioni wala taa za mapambo, na bado wateja wake ni wale wale miaka nenda rudi.

Sasa tuje kwenu. La kwanza kabisa, na nitalikalia kwa muda kwa sababu ndilo linaloua biashara nyingi kimyakimya, ni ladha isiyotulia. Mteja anakuja Jumatatu, anapata kapuchino nzuri, anafurahi. Alhamisi anarudi, mfanyakazi ni mwingine, anapata kitu kichungu mpaka ulimi unakakamaa. Jumamosi anamleta rafiki yake aliyemsifia pale, wanapewa maziwa ya moto yenye harufu ya kahawa kwa mbali. Hatalalamika. Watu wetu wengi wanaona haya kulalamikia chakula au kinywaji mbele za watu. Atalipa, atashukuru, na hutamwona tena, nawe utabaki ukisema watu wa mtaa huu hawanywi kahawa.

Dawa yake ni mizani ndogo ya gramu. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu wiki hii, nunua hicho. Kahawa ya kuchuja hutoka vizuri kwa gramu 55 hadi 60 za unga kwa lita moja ya maji, maana yake kikombe cha mililita 200 kinataka gramu 11 au 12. Maji yasiwe yanatokota. Yaache yatulie kidogo mpaka nyuzi 92 hadi 96. Kwa espreso ya vikombe viwili, wengi huanza na gramu 18 za unga na kupata gramu kama 36 za kahawa ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikitoka haraka kuliko hapo itakuwa nyepesi na chachu, na maana yake umesaga chengachenga mno. Ikidondoka kwa shida itakuwa chungu, basi umesaga laini kupita kiasi. Maziwa yanayochemshwa kwa mvuke yaishie nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 yanapoteza ule utamu wake na kuanza kunuka kama yaliyochemka jikoni. Vipimo hivi viandikwe kwenye karatasi, ibandikwe karibu na mashine, na kila mfanyakazi avifuate hata kama anaamini mkono wake una kipimo. Asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, mtu mmoja aonje kikombe cha kwanza na arekebishe usagaji, kwa sababu unyevu wa hewa ya Pwani hubadilika na unga nao hubadilika.

Kuna jambo la maji pia, ambalo wengi hawalifikirii. Kikombe cha kahawa ya kuchuja ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanatumia maji ya visima yenye chumvi, na chumvi ile huwezi kuificha kwa buni ya aina yoyote. Pia huacha ukoko mweupe ndani ya birika na ndani ya mashine, mashine inaanza kukohoa, halafu fundi anakutajia bei ya kukutoa jasho. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, na usafishe ukoko mapema kabla haujawa mgumu. Buni nayo nunua kidogo kidogo, iliyokaangwa karibuni, uifunike mbali na jua, na usage pale mteja anapoagiza. Kahawa iliyosagwa asubuhi, ikifika jioni harufu yake nzuri imeshakwenda.

Haya, ladha imetulia. Sasa mlango unafunguliwa na anaingia mama wa makamo, kavaa kitenge, kaongozana na binti yake anayesoma chuo. Anautazama ubao: amerikano, makiato, late, flati waiti. Anausoma kutoka juu mpaka chini, anarudi tena juu. Kijana wa kaunta anainua macho kutoka kwenye simu na kusema, “Karibuni, mtachukua nini?” Mama anauliza kwa sauti ndogo, “Chai ipo?” Kijana anajibu, “Hapa ni kahawa tu.” Binti anaona aibu kwa niaba ya mama yake, wanaaga na kutoka.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu hapo walipotezwa wateja wawili ambao wangeweza kuja kila Jumamosi, na wakapotezwa kwa sentensi moja. Yule mama pengine amekunywa kahawa ya unga wa kopo maisha yake yote, Africafe, kijiko kimoja ndani ya maziwa ya moto na sukari. Anaijua kahawa anayoipenda. Asichokijua ni majina ya ubaoni, na hayo hakuzaliwa nayo mtu yeyote.

Hivi ndivyo ningependa mteja kama huyo apokewe: “Shikamoo mama, karibuni sana. Karibu, dada. Mama unapendelea ya maziwa au ya rangi?” Akisema ya maziwa, muulize kama anaipenda nzito au nyepesi. Akisema nyepesi, mwambie, “Basi nitakutengenezea hii yenye maziwa mengi, ukiiona bado kali nitakuongezea maziwa, hutalipa zaidi.” Maswali mawili yametosha na hakuna aliyeaibika. Na kwenye ubao, chini ya kila jina la kigeni andika mstari mfupi wa Kiswahili unaosema kilichomo: kahawa na maji ya moto, isiyo na maziwa; kahawa kidogo, maziwa mengi; kahawa na povu la maziwa. Yule anayeyajua majina hatapungukiwa na kitu, na yule asiyeyajua ataagiza kwa sauti ya kawaida.

Na chai muuze. Sioni fahari yoyote katika mgahawa wa mtaani Tanzania unaokataa kuuza chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki. Watu wanatembea kwa makundi. Katika kundi la wanne, mmoja hanywi kahawa, na huyo mmoja ndiye atakayeamua wote wanakwenda wapi.

Vilevile usimfundishe mteja namna ya kunywa. Nimesikia wahudumu wakimwambia mtu mzima kwamba kahawa nzuri hainywewi na sukari. Wazee wetu wa Pwani wanainywa chungu, ndiyo, lakini kashata au halua inakuwa pembeni, na utamu unaingia kwa mlango huo. Mtu akitaka vijiko vitatu mpe vitatu. Elimu inayopokelewa ni ile anayoiulizia mwenyewe: akiuliza buni imetoka wapi, hapo mhudumu awe na jibu la kweli. Amweleze kama ni arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga, au robusta ya Kagera, na tofauti yake mdomoni. Ni aibu mtu akae kwenye nchi inayolima kahawa yote hii halafu mhudumu amjibu “ni ya dukani.” Pale Moshi, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima kilichoanza mwaka 1933, kina mgahawa wake wa kahawa katikati ya mji, na mteja anakunywa akijua kabisa kikombe chake kimeteremka kutoka mlima anaouona kwa macho. Wewe wa Sinza au Mbezi huna mlima, lakini jina la kijiji kwenye ubao unaweza kuliandika.

Ukweli huo uende mpaka kwenye afya. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kwa watu wengi nusu ya kafeini bado huwa mwilini saa tano baada ya kunywa. Anayekunywa kikombe kikubwa saa 11 jioni, ikifika saa 4 usiku karibu nusu bado anayo. Mteja akikwambia jana hakulala, usimuuzie kingine kilekile. Mshauri ya maziwa mengi au chai ya mchaichai. Utapoteza shilingi chache jioni hiyo, na yeye atakuamini.

Nataka kusema pia juu ya wanawake. Kijiwe cha kahawa kwa mila zetu ni cha wanaume. Mwanamke anapita anasalimia, hakai. Mgahawa mdogo wa kahawa ni moja ya sehemu chache mtaani ambapo mwanamke anaweza kukaa peke yake, na kitabu au na mawazo yake, bila muziki wa baa na bila kuulizwa anamsubiri nani. Lakini hilo halitokei lenyewe. Lazima mwenye mgahawa aamue. Mfanyakazi asimzoee mteja wa kike kwa maneno ya “mrembo” na “mpenzi”. “Dada” inatosha, na “mama” kwa aliyekuzidi umri. Mteja wa kiume akihamia meza ya mtu asiyemkaribisha, mwenye mgahawa amfuate na kumwambia kwa adabu, “Kaka, kiti chako ni kile pale, tafadhali.” Afanye hivyo mara moja tu mbele ya macho ya watu, na habari itasambaa mtaani. Choo kiwe kisafi, kifungike kwa ndani, kiwe na maji na taa. Nimeona wanawake wakihama mgahawa wenye kahawa bora kwenda wenye kahawa ya wastani kwa sababu ya komeo la choo tu.

Halafu kuna mteja wa kompyuta. Anaagiza kikombe kimoja saa 3 asubuhi na saa 7 mchana bado yupo, waya wake umekatiza njia. Wenye migahawa wananiuliza wafanyeje. Jibu langu ni kwamba asubuhi yenye meza tupu huyo anakusaidia, maana watu hawapendi kuingia mahali patupu. Shida inaanza saa ya chakula. Tenga meza moja au mbili zenye soketi, ziwe za kwao, na uandike wazi kwamba kuanzia saa 6 hadi saa 8 meza nyingine ni za wanaokula. Usizime intaneti kwa hila wala kumpitia na kitambaa cha kufutia meza kila dakika kumi. Mwendee umwambie, “Kaka, samahani, saa ya chakula inaingia. Naomba nikuhamishie pale pembeni, nikuletee na maji?” Watu wengi wazima wakiambiwa ukweli kwa heshima wanaelewa.

Sasa lile neno baya kuliko yote katika migahawa yetu: “imeisha.” Menyu ina vitu 24, mteja anataja cha kwanza, imeisha, cha pili, leo hatujatengeneza, cha tatu, subiri niulize jikoni. Akifika cha nne ameshakasirika, hata ukimletea kitu kitamu kiasi gani. Punguza menyu ibaki na vile unavyovipata kila siku bila wasiwasi. Vinane vilivyopo vinamtosha mteja. Kilichokwisha kifutwe ubaoni dakika ile ile, na mhudumu amtangulie mteja: “Maandazi yamekwisha dada, lakini vitumbua vimetoka sasa hivi, bado vya moto.”

Umeme ukikatika ndiyo usiseme. Mashine imelala, mashine ya kusagia imelala, na mhudumu anasimama mlangoni akiwaambia watu warudi baadaye. Hapa ndipo nasema mjifunze kwa muuza kahawa wa kijiweni moja kwa moja. Kuwa na jiko la gesi, birika au dele, mashine ya kusagia ya mkono na vichujio. Andaa kabisa menyu ya giza ya vitu vitatu: kahawa chungu yenye tangawizi, kahawa ya kuchuja, chai. Mteja aliyehudumiwa siku umeme umekatika mtaa mzima atawasimulia wenzake, maana kwingine kote alifukuzwa.

Mambo ya malipo niyapitie haraka. Bei ziandikwe zote, na mteja asigundue kwenye risiti kwamba maziwa ya ziada yanalipiwa. Namba ya kulipia kwa simu iwe mezani. Chenji iandaliwe asubuhi. Kumpa mtu pipi badala ya shilingi zake ni dharau. Kuhusu deni, mteja wa kila siku atakuomba siku moja, na kumkatalia mtu mnayefahamiana ni kazi ngumu. Weka kiwango kimoja kwa wote, mfano vikombe viwili, kiandikwe daftarini mbele yake. Usipotofautisha mtu na mtu, hakuna atakayenung’unika.

Mteja akirudisha kikombe, kipokee. Mfanyakazi apewe ruhusa ya kutengeneza kingine bila kumpigia bosi simu, na asianze kujitetea kwamba wengine wameinywa hiyo hiyo. Aseme, “Pole sana, baba, ngoja nikutengenezee nyingine,” halafu kile kilichorudi akionje mwenyewe. Mara nyingi atakuta mteja alikuwa sahihi, na hapo mashine itarekebishwa kabla wengine kumi hawajapewa kosa lilelile. Mwenye mgahawa asimkate mfanyakazi mshahara kwa kikombe kilichorudishwa. Ukimkata, kesho atabishana na mteja kulinda shilingi zake, na atakuwa na haki.

Nanyi wateja, kwa sehemu yenu, semeni. Kahawa ikiwa mbaya mwambie mhudumu kwa upole pale pale, usisubiri kwenda kuisema kwenye kundi la simu la mtaa. Fremu ile inalipiwa kodi, mara nyingi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila kiti kinabeba sehemu yake. Ukikaa saa tatu agiza tena, hata chai. Mkifanya kikao cha harusi cha watu kumi na mbili, piga simu mapema. Na mhudumu muulize jina, umwite kwa hilo, acha kumpigia miluzi na “pssss”.

Mwezi wa Ramadhani badilisheni saa, hasa kwenye mitaa ya Waislamu wengi. Mchana pumzikeni au fanyeni usafi mkubwa wa mashine, kisha fungueni baada ya futari na mwendelee mpaka watu watoke tarawehe. Usiku ule watu wana nafasi, wana hamu ya kahawa, na wanatembea kwa familia. Wekeni tende kwenye kila meza, bila malipo. Kwa saa ya kufunga, usiku wowote, mtangazieni mteja nusu saa kabla, kwamba anayetaka kikombe cha mwisho aagize sasa. Msipandishe viti juu ya meza na kumwaga maji ya deki wakati mtu bado anakunywa.

Baada ya hapo, kabla ya kufunga hesabu, chukueni daftari la pili, mbali na lile la mauzo. Andikeni humo kila kitu mteja alichokiulizia leo mkakikosa, na jina au alama ya kila mteja wa kawaida ambaye hajaonekana wiki nzima. Kinachoulizwa mara nyingi kitafutieni nafasi kwenye ubao. Asiyeonekana, mkikutana naye sokoni au kwenye daladala, msalimieni tu kwanza, mumuulize habari za nyumbani, na akilitaja mwenyewe la kahawa, msikilizeni mpaka amalize.